Maswali ya Wasomaji: Madeni, Uongo na Kupigwa Msasa Kazini

Barua za wanaoulizia kupigwa msasa, yaani kuchunguzwa kabla ya kuajiriwa, zimejaa mezani, na karibu zote zimeandikwa na watu wenye ahadi ya kazi mkononi na deni mahali fulani. Tumezifupisha na kuondoa majina. Anayeuliza kuhusu kazi ya hapa tunamjibu kwa sheria za Kenya. Anayeuliza kuhusu kibali cha usalama cha Marekani, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali, tunamjibu kwa kanuni za huko. Msizichanganye.

SWALI: Nimepata kazi katika shirika moja la serikali. Wanataka vyeti vya CRB (kampuni za rekodi za mikopo), HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), KRA (mamlaka ya kodi), EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi) na cha tabia njema cha polisi. Mwaka 2021 nilikopa kwa simu shilingi 4,600 nikashindwa kulipa, na HELB sijawahi kuwapa hata senti moja. Rafiki ananiambia kuna mtu mjini anayetoa vyeti vyote hivyo kwa siku moja. Nifanyeje? (Msomaji wa Umoja)

JIBU: Huyo fundi wa vyeti mwepuke kama ukoma. Leo una deni tu, na deni la simu si kosa la jinai. Ukiwasilisha karatasi yake utakuwa umetumia hati ya kughushi, kosa lililomo katika Kanuni ya Adhabu. Wala usidhani karatasi hizo hazikaguliwi: cheti cha KRA, kwa mfano, kina namba ambayo mwajiri huihakiki kwenye iTax, mtandao wa KRA, kwa dakika moja.

Anza na HELB, kwa sababu ndiyo inayokula pesa ukiwa umelala. Faini ya kutolipa ni shilingi 5,000 kila mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka, iwe mkopo wenyewe ulikuwa mkubwa au mdogo. Lakini huhitaji kumaliza deni lote ndipo upate karatasi. Kuna cheti cha aliyemaliza, na kuna cha anayeendelea kulipa bila kukatiza. Ingia kwenye akaunti yako ya HELB, toa taarifa ya deni, angalia kama kuna pesa zilizowahi kukatwa kwenye mshahara wa zamani zikakosa kuingizwa, kisha mkubaliane kiwango cha kila mwezi. Lipa awamu ya kwanza kabla ya kuomba cheti. Uliza pia kuhusu msamaha wa faini. Umewahi kutolewa kwa wanaolipa kwa mkupuo.

Kisha CRB. Kampuni zenye leseni ya Benki Kuu ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Omba ripoti kwa zote tatu kabla ya kulipa chochote, maana deni laweza kusomeka kwa namna moja hapa na kwa namna nyingine pale. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka. Ukilipa, lipa kwa namba ya mkopeshaji mwenyewe, si ya wakala anayekupigia simu kwa vitisho, na udai barua inayosema deni limeisha. Mkopeshaji ndiye mwenye wajibu wa kupeleka habari hiyo CRB. Akizembea, peleka nakala ya barua mwenyewe na upinge rekodi kwa maandishi.

Hapo ndipo wengi hushtuka: wamelipa, na bado jina lao limo. Rekodi ya deni lililochelewa haifutwi siku unayolipa; hukaa miaka 5 tangu ulipomaliza, ikionyesha kwamba ulichelewa na kwamba umelipa. Cheti utapewa hata hivyo, na cha mara ya kwanza hakitozwi ada tangu kanuni za 2020. Kanuni hizohizo zilizuia madeni ya chini ya shilingi 1,000 kupelekwa CRB, ila lako la 4,600 halikuponea hapo.

KRA huwakwamisha watu wasio na deni lolote. Ulichukua PIN (namba ya mlipa kodi) ukiwa chuoni, ukakaa miaka mitatu bila kazi, hukuwasilisha hata ritani ya sufuri, yaani taarifa ya kodi ya asiye na mapato. Kila mwaka uliorukwa una faini yake, na kwa mtu binafsi haipungui shilingi 2,000. Wasilisha zote kwanza, lipa faini, ndipo uombe cheti. Ni cha bure na hudumu miezi 12. Cha tabia njema huombwa kupitia eCitizen kwa shilingi 1,050. Chapisha fomu ya C24 mbele na nyuma katika karatasi moja, kisha upeleke vidole Huduma Centre au makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai.

EACC ndiyo inayohitaji utulivu. Ile ni fomu ya kujieleza chini ya Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012, nawe huitia sahihi mbele ya kamishna wa viapo au hakimu. Inauliza waziwazi kama umewahi kughushi rekodi yoyote, ya ofisi au yako binafsi. Kwa hiyo mwenye cheti bandia huvunja sheria mara mbili: anapokitoa, na anapoapa kwamba hajawahi kufanya hivyo.

Je, deni lenyewe linakunyima kazi? Kuorodheshwa CRB si kufilisika. Katiba, ibara ya 99, inamzuia aliyetangazwa mufilisi na ambaye hajaondolewa hali hiyo asigombee ubunge; mkopo wa simu haumo. Mwajiri anayekuweka kwenye kaunta ya pesa au idara ya ununuzi atauliza, na ana sababu. Mwandikie ukurasa mmoja: kiasi, tarehe, chanzo, lini umelipa, risiti hizi hapa. Na ujue kwamba tangu sheria ya ajira irekebishwe mwaka 2022, vyeti hivi hudaiwa kwa mtu ambaye mwajiri anakusudia kumpa mkataba, si kwa kila anayetuma ombi.

SWALI: Mwanangu yuko Texas na sasa ni raia wa Marekani. Ameajiriwa na kampuni inayofanya kazi za jeshi, kwa sharti apate kibali cha usalama. Ana deni la kadi za benki kama dola 11,000, na hapa nyumbani aliacha HELB bila kulipa. Wenzake wamemwambia asiitaje HELB, eti Wamarekani hawataiona. Pia hunitumia pesa kila mwezi. Je, haya yatamharibia? (Mama wa Kasarani)

JIBU: Mama, madeni hayo yanaweza kusamehewa. Ushauri wa wenzake ndio unaoweza kumharibia.

Kibali cha huko huamuliwa kwa miongozo 13, inayotumika kwa sura yake ya sasa tangu Juni 2017. Mwongozo F unahusu hali ya pesa. Mwongozo E unahusu mwenendo wa mtu mwenyewe, yaani ukweli na uaminifu wake mbele ya wanaomchunguza. Wanaogopa deni kwa sababu wameumizwa nalo. Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, aliyekamatwa Februari 1994, alianza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985 akiwa ameelemewa na madeni, na malipo ya kwanza yalikuwa dola 50,000. Ndiyo maana hawaangalii ukubwa wa deni peke yake. Wanauliza lilitoka wapi, na mtu alifanya nini lilipomshinda. Kupoteza kazi, ugonjwa wa ghafla, msiba, talaka, au kuibiwa utambulisho ni sababu wanazozikubali, mradi mtu aonyeshe kwamba alijitahidi hata katika hali hiyo. Kuishi maisha makubwa kuliko mshahara si sababu wanayoikubali.

Fomu yenyewe inaitwa SF-86. Sehemu ya 26 inauliza, kwa miaka 7 iliyopita, kama alishindwa kulipa mkopo wa aina yoyote, kama akaunti yake ilipelekwa kwa wakusanya madeni, kama aliwahi kuchelewa zaidi ya siku 120, hata kama alilipa baadaye. Na kama sasa hivi anachelewa zaidi ya siku 120. Soma maneno hayo, mama: mkopo wa aina yoyote. Hakuna mahali paliposema wa Marekani tu. HELB imo.

Sasa tazama tofauti. Akiitaja HELB, anajibu chini ya Mwongozo F, ambako ana hoja: mkopo wa masomo, alisafiri, ameanza kulipa, risiti hizi. Akiificha kisha mpelelezi amuulize ana kwa ana kama ana deni nje ya nchi, au jamaa aliyehojiwa akaitaja, suala linahamia Mwongozo E. Huko hata akilipa deni lote kesho hajajisafisha, kwa kuwa kosa si deni tena. Sheria ya shirikisho, kifungu cha 1001, inaweka kifungo cha hadi miaka 5 kwa anayedanganya serikali kwa makusudi, na fomu inamwonya kabla hajatia sahihi.

Afanye hivi, na kwa mpangilio huu. Achukue ripoti zake za mikopo kutoka Equifax, Experian na TransUnion ya huko. Zote tatu hupatikana bure kupitia AnnualCreditReport.com. Aandike kila deni: mdai, kiasi, tarehe ya malipo ya mwisho. Awapigie wadai kabla mpelelezi hajampigia yeye, na apate mpango kwa maandishi. Akiweza dola 250 kwa mwezi, dola 11,000 ni miezi 44 bila kuhesabu riba. Si haba, nao hawadai awe amemaliza. Wanataka kuona mwendo wa malipo. Miezi minne ya malipo yasiyokatika ina uzito kuliko barua nzuri inayoahidi kuanza Januari. Akihitaji mshauri, atafute shirika lisilo la faida. Kuna kampuni zinazomwambia mtu aache kulipa kabisa ili wadai wakubali kupunguza. Mtu anayechunguzwa hafai kuonekana ameacha kulipa kwa hiari yake.

Kuna ujanja mwingine unaozunguka miongoni mwa vijana wetu kule: kungoja deni lipite miaka 7 lidondoke kwenye ripoti. Kudondoka si kulipa, na majaji wa vibali wamelisema hilo mara nyingi. Na kodi ndiyo mbaya kuliko kadi. Asiyewasilisha ritani za kodi anaonekana kama mtu asiyefuata sheria pale inapomgusa mfukoni. Kama kuna mwaka aliouruka, auwasilishe kwanza, kisha akubaliane na mamlaka ya kodi kulipa kwa awamu.

Kuhusu pesa anazokutumia: si kosa, lakini sehemu ya 20A inauliza kama amewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia wa Marekani, na jibu lake ni ndiyo. Atoe jina lako, kiasi, na ni mara ngapi. Utakuwa pia kwenye orodha ya jamaa, kwa hiyo mpigie picha kitambulisho chako umtumie. Wazazi wengi wana tarehe moja ya kuzaliwa kwenye kitambulisho na nyingine watoto waliyoizoea, na tofauti hiyo huleta maswali yasiyo na sababu. Utunze taarifa za M-Pesa. Halafu, kwa upande wako, usikope kwa jina lake wala kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lake, hata kidogo.

Ikitokea wameona shida, hawatamnyima kimyakimya. Atatumiwa hati ya sababu, yenye kila dai na namba yake. Mfanyakazi wa kampuni binafsi kama yeye ana siku 20 tangu aipokee kujibu kwa kiapo, dai kwa dai, nakubali au nakataa, na kusema kama anataka kusikizwa mbele ya jaji au uamuzi utolewe kwa maandishi tu. Watu hupoteza vibali kwa kujibu barua nzima kwa aya moja ya kuomba huruma. Kila dai liwe na kiambatisho chake. Pakiwa na dai la kudanganya, amtafute wakili wa kazi hiyo. La madeni matupu mtu makini aweza kulijibu mwenyewe.

SWALI: Nilimdhamini mwenzangu kwenye Sacco, akaacha kazi na kutoweka. Sasa wananikata mimi. Nikiulizwa kuhusu madeni, hilo ni langu? (South B)

JIBU: Ni lako kwa kiasi ulichodhamini. Litaje, na useme ulidhamini. Fomu ya Marekani iliyotajwa hapo juu inasema wazi kwamba wadhamini wamo. Mwajiri wa hapa ataliona kwenye hati yako ya mshahara. Omba Sacco barua inayoonyesha mkopaji halisi, sehemu yako na kiasi kilichobaki. Barua hiyo inakutoa kwenye kundi la wasiolipa na kukuweka kwenye kundi la wanaolipa ya wengine, ambalo huku kwetu lina watu wengi kweli.

SWALI: Kwenye wasifu wangu niliandika nina diploma ya 2017. Ukweli ni kwamba nilibaki na somo moja na sikuhitimu. Nimeitwa na idara moja ya serikali kwa mahojiano. Nikinyamaza, watajua? (Kahawa West)

JIBU: Watajua, na pengine si leo. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba watumishi 2,067 walipatikana na vyeti vya kughushi, wengi wao wakiwa kazini tayari. Kama mtihani ulikuwa wa KNEC, baraza la mitihani la taifa, mwajiri huomba uthibitisho huko moja kwa moja.

Wewe hujaghushi cheti. Umeandika jambo lisilo kweli kwenye wasifu, na umbali kati ya hayo mawili ni mfupi: siku utakayoambiwa ulete cheti, utakuwa njia panda. Anayeajiriwa kwa cheti bandia hapotezi kazi tu. EACC humchunguza, naye hushtakiwa kwa kughushi na kwa kujipatia mali ya umma kwa ulaghai, nayo mali hiyo ni mshahara. EACC hudai urudishwe wote, wa miaka yote, hata kama mtu alikuwa mchapakazi hodari.

Sahihisha kabla ya siku ya mahojiano. Andika: "Masomo ya diploma, 2015 hadi 2017, somo moja halijakamilika." Tuma wasifu uliosahihishwa kwa barua pepe ileile uliyotumia mwanzo, na uombe uchukue nafasi ya ule wa kwanza. Nenda chuoni uchukue karatasi ya matokeo na uulize kama somo hilo bado laweza kurudiwa. Kama nafasi inadai diploma iliyokamilika, hutaipata, na hakuna namna ya kulizunguka hilo.

SWALI: Mwaka 2016 nilishikwa na polisi kwenye msako wa baa, nikapelekwa Makadara, nikakubali kosa na kulipa faini siku hiyohiyo. Fomu inauliza kama nimewahi kupatikana na hatia. Mimi sikufungwa. (Eastleigh)

JIBU: Ulikubali kosa na ukalipa faini, kwa hiyo ulipatikana na hatia. Kutofungwa ni suala la adhabu tu. Nafuu ipo kama hakimu alikuachilia chini ya kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomruhusu kukuachilia bila kukutia hatiani. Nenda masjala ya mahakama na namba ya kesi au risiti ya faini, uombe nakala ya mwenendo wa kesi, usome kilichoandikwa. Kisha jibu swali jinsi lilivyoulizwa: "kukamatwa", "kushtakiwa" na "kupatikana na hatia" ni maswali matatu.

SWALI: Nimeomba kazi ya udereva katika ubalozi wa Marekani, Gigiri. Deni langu halimo CRB. Liko kwa shailoki wa mtaani ambaye ameshika kadi yangu ya ATM na namba ya siri. Nahitaji kibali cha usalama? Nimtaje huyo? (Kangemi)

JIBU: Kibali hasa hupewa raia wa Marekani. Wafanyakazi wa hapa hupitia uthibitisho wa usalama wa ubalozi wenyewe: kazi ulizofanya, rekodi ya polisi, watu wanaoweza kukushuhudia, mahali unapoishi. Usipunguze uzito wake kwa sababu ya jina.

Na hali yako ndiyo hasa wanayoitafuta: mtu mwingine ameshika mshahara wako, na anaweza kukuomba neno dogo, kama gari la nani limetoka saa ngapi, badala ya riba ya mwezi. Ukiulizwa kuhusu madeni, mtaje. Lakini usingoje kuulizwa. Nenda benki ufunge kadi hiyo na kuchukua nyingine leo. Deni litabaki, ila shingo yako itakuwa huru. Mkubaliane mbele ya shahidi, kwa maandishi, mtaji kiasi gani na riba kiasi gani, na ulipe kwa M-Pesa au benki ili kila shilingi iwe na ujumbe wake. Akianza kuwatumia jamaa na waajiri wako ujumbe wa kukuaibisha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakulinda, na malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

SWALI: Nimechelewa. Fomu nilishaijaza mwezi uliopita na niliruka deni moja. Hakuna aliyeniuliza bado. (Ngara)

JIBU: "Bado" ndilo neno muhimu katika barua yako. Kwa kanuni za Marekani, anayesahihisha mwenyewe kwa haraka na kwa nia njema, kabla ya kuonyeshwa ushahidi, ana utetezi unaotambuliwa katika Mwongozo E. Anayesubiri mpaka aulizwe hana. Waajiri wa hapa hawana kifungu kama hicho kilichoandikwa, ila afisa yeyote wa rasilimali watu huona tofauti kati ya barua iliyotangulia ukaguzi na iliyoufuata.

Andika leo. Taja fomu, tarehe uliyoitia sahihi, na namba ya swali. Sema deni gani liliachwa, kiasi, na lilivyo sasa. Kama ulisahau, sema ulisahau. Kama uliogopa, sema uliogopa, maana kusingizia kusahau deni la laki tatu ni uongo wa pili juu ya wa kwanza. Usimlaumu aliyekusaidia kujaza, isipokuwa kama ni wakili au afisa aliyekupa ushauri huo kwa kazi yake, na una maandishi yake. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani.